Soda ya Mchomaji

Zita alipowaambia wenzake kanisani kwamba ameacha kiwanda cha Tonawanda ili akafanye kazi ya mishikaki kwa Mperu, kina mama walimpa pole kama mfiwa. Mishikaki! Kwa hawa Warundi waliokulia kambini Tanzania, anayesimama kwenye mkaa ni mwanamume. Mwanamke akaange ndizi, akate kachumbari, basi. Mumewe, Jovini, alisema neno moja tu huku akifunga viatu vya kazi.

"Mama Isaro, pale sitatia mguu."

Mgahawa wenyewe ni meza chache tu, mtaa wa Lower West Side mjini Buffalo, Marekani, na mwenyewe ni mama mmoja mfupi aitwaye Rosaura, mkali kuliko pilipili zake. Anauza antikucho: moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande, ukalazwa kwenye siki, vitunguu saumu na pilipili nyekundu ya kwao, kisha ukatungwa kwenye vijiti na kuchomwa, ukipakwa mafuta kwa maganda ya mahindi yaliyofungwa kama ufagio. Majira yote ya theluji Zita aliosha vyombo na kutunga vijiti, macho yakiwa kwenye ule mkaa. Tusifichane: aliutaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka Marekani.

Siku ya kwanza aliyoachiwa jiko, akaharibu. Kwa mama yake, nyama za ndani haziendi motoni mbichi, huchemshwa kwanza. Zita, mtoto mwema, akachemsha mioyo yote, ndipo akaichoma. Rosaura aliuma kipande, akakitema.

"Unalisha watu au unawashonea viatu?"

Akamrudisha kwenye sinki. Zita alilia huko, bomba likiwa wazi ili asisikike, na ilimuuma sana. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alifuta uso, akamfuata Rosaura.

"Nipe Jumamosi moja. Nikiharibu, sitaomba tena."

"Moja," akasema Rosaura.

Jumamosi hiyo wanakwaya walitoka mazoezini wakaja wote, kwa njaa kidogo na kwa umbea zaidi. Mbele yao alikuwa Mzee Sylveri, aliyechoma mishikaki soko la kambini kwa miaka mingi na hajawahi kusifu nyama ya mtu mwingine. Nyuma yao, mikono mfukoni, alikuja Jovini. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili kiapo kisivunjike chote.

Zita alijipiga moyo konde, akapanga vijiti vya moyo usiochemshwa. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka. Akageuza, akapaka, akageuza tena. Moshi ulimtoa machozi, na safari hii hakuyaficha.

Mzee Sylveri alikula kijiti cha kwanza. Akala cha pili. Alipomaliza cha tatu akafuta mdomo.

"Huyu mchomaji," akauliza kwa sauti, "mbona hajaletewa soda?"

Kule kambini mchomaji bingwa hakushukuriwa kwa maneno. Aliletewa soda baridi palepale kwenye mkaa, watu wote wakiona, na aliyeileta alikuwa amekiri kwamba huyu hana mwenzake. Hakuna mwanamke aliyewahi kuinywa. Kina mama wakatazamana, nani aanze?

Jovini akaingiza mguu wa pili. Alipita katikati ya meza hadi kwenye friji, akatoa Fanta, akaifungua, akaifuta jasho kwa shati lake la Jumamosi. Akamwendea mkewe, akaishika chupa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Mchomaji," akasema, "karibu soda."

Vigelegele vilitikisa madirisha. Rosaura, asiyejua kinachoendelea, alipiga makofi kuliko wote. Zita aliipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unageuza nyama, na hakuna hata mmoja aliyemkemea.