Siku Niliyolikabidhi Darasa la Kwanza

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani Nangara kusubiri ajira. Tuliokuwa tunasubiri tulikuwa wengi Babati. Wengine waliuza vocha stendi, wengine walikuwa wameolewa na kuingia shambani, na ukiwauliza habari za ualimu wanacheka tu. Mimi sikutaka kufika huko. Nikaenda shule moja ya msingi upande wa Singe, nikamwomba mwalimu mkuu nijitolee.

"Darasa la kwanza halina mwalimu wake," aliniambia. "Anaingia yeyote mwenye nafasi. Utaliweza?"

Nikasema nitaliweza. Asubuhi ya kwanza nilipiga kelele mpaka koo likakauka, na watoto wakapiga kelele kunishinda. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwalimu wa darasa la pili, mama wa makamo aliyekuwa amefundisha wadogo tangu ujana wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti unaimaliza leo, Ijumaa utafundishia nini?"

Akasimama mbele ya darasa. Halafu akaanza kuongea taratibu, kama anayemwambia mtu siri, na watoto wakanyamaza ili wasikie. Nilikaa dawati la nyuma nikajisikia mjinga na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Chuoni nilifaulu vizuri, lakini kufundisha kwenyewe nilianza kujifunza siku ile.

Alinilea hivyo muda wote. Watoto wengi walikuwa wanaongea Kigorowa au Kiiraqw nyumbani, na Kiswahili walikikuta shuleni. Alinionyesha jinsi ya kumngoja mtoto anayetafuta neno bila kumdakia. Kulikuwa na binti mmoja ambaye hakufungua mdomo tangu shule ifunguliwe. Mbaazi zilipokuwa zinavunwa, siku moja alisimama mwenyewe akasoma ubaoni "mama analima," akakaa. Nilitoka nje nikalia. Yule mwalimu wa darasa la pili alinikuta ukutani akanipa kitenge chake nijifute.

Baada ya kengele ya mwisho alikuwa ananipangia maisha. "Ajira ikitoka, unafundisha wadogo miaka kadhaa, usikimbilie madarasa ya juu. Ukiiva unasoma digrii. Ukitoka hapo unakwenda chuoni kuwafundisha wanaosomea ualimu. Mimi sikuwa na wa kunisukuma, mwanangu. Wewe nitakusukuma."

Nilimwamini. Nilianza kujiona mbele ya vijana wa chuo, nikiwaeleza kuhusu yule binti na mbaazi.

Ajira zilipotangazwa niliomba, nikafaulu usaili wa kuandika, nikaitwa kwenye usaili wa mahojiano. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba. Jirani yangu alikuwa msichana mdogo kwangu, ametoka chuoni juzijuzi, anapekuapekua daftari lake.

"Dada," alininong'oneza, "wakiniambia nifundishe sauti ya herufi, nianzie wapi? Nimesahau kila kitu."

Nikamwambia tusimame pembeni. "Usianze na ubao. Anza na vitu wanavyovijua. Waambie wakutajie vya nyumbani vinavyoanza na sauti hiyo. Wakishaisikia masikioni, ndipo uiandike." Nikamfanya anifundishe mimi kana kwamba ni mtoto. Mara ya pili aliweza, tukacheka. Akaitwa kabla yangu, akatoka anatabasamu, akanikumbatia. Na mimi nikaingia, nikajibu, nikafundisha. Nilitoka nikiamini nimefanya vizuri. Hata leo naamini hivyo.

Majina yalipotoka mtandaoni, langu halikuwepo.

"Labda simu haijafunguka vizuri," mama yangu alisema nyumbani. "Jaribu tena." Nilijaribu tena mbele yake, kwa ajili yake.

Niliendelea kwenda shuleni, kwa sababu watoto walikuwa katikati ya silabi na sikujua pa kwenda pengine. Asubuhi moja mwalimu mkuu alibisha hodi darasani akiwa na mgeni. Alikuwa yule msichana wa benchi, na barua ya ajira mkononi.

"Dada?" alisema. "Ni wewe?"

Akaanza kulia pale mlangoni, watoto wote wamesimama wanasubiri kusalimia. Mwalimu mkuu akaangalia chini. Nikaona nisipoongea mimi hakuna atakayeongea. Nikawaambia watoto, "Huyu ndiye mwalimu wenu mpya. Amesomea kuwafundisha nyinyi."

Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Na wewe ni nani?"

Nikawaambia wakae.

Nilibaki wiki hiyo nimwonyeshe yupi hasikii vizuri sikio moja, yupi anakuja bila kunywa uji, yupi ukimkaripia anatoroka kurudi nyumbani. Alisikiliza kila kitu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mvivu au mwenye maringo, lakini alikuwa mwalimu mzuri. Siku ya mwisho nilipita dirishani nikamsikia anaongea taratibu, na darasa zima limetulia. Nikaenda zangu.

Yule mama wa darasa la pili alinifuata hadi barabarani.

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Hapana, mama, hukunidanganya."

"Nilikupangia vitu ambavyo havikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa naona raha tu kupanga."

Hatukuagana vizuri. Alinishika kiganja, akakiachia, akarudi shuleni kwa haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Baadaye alistaafu akahamia kwao. Hunipigia simu mara mojamoja, tunaongelea mvua na magoti yake. Habari za shule hatuzigusi.

Sasa nauza vyombo kwenye duka la mzee mmoja karibu na soko. Ni mtu mwema, hunipa ruhusa ya kwenda kwenye usaili kila unapotokea. Ule wa mwisho sikumwambia mama yangu kwamba nimeomba. Nilikaa tena kwenye benchi. Kushoto kwangu kulikuwa na kijana anayepekuapekua daftari, akanigeukia, nikajua anataka kuuliza kitu. Nilitoa simu nikajifanya naongea na mtu, mpaka alipoitwa ndani.