Maji ya Chini, Mdomoni mwa Mto

Mdogo wangu Saidi aliibuka macho ameyafumba, akapeleka mkono upande ambao mtumbwi haukuwepo. Nikamwita. Akakohoa, akazama. Nilimrukia, maji ya chini yakanichoma macho na mimi. Nilirudi juu na kipande cha shati lake.

Asubuhi ile tulitoka Minago sababu nyavu zilikuwa zinarudi tupu. Saidi alisema mdomoni mwa mto, unapoingia ziwani karibu na Rumonge, samaki kuhe wanatagia mchangani.

Njiani tuliambaa ufuko. "Kaka, unapiga kasia kama unakoroga bugali," akanitania. Nikacheka.

Saa nne tulifika. Mama Zaina, anayeanika ndagala, dagaa wa huku, pale, akatupatia chai.

"Amahoro, wanangu. Kuhe iko kidogo sana siku hizi. Bosco wa sabuni anamwaga maji yake mutoni."

"Mbona ziwa ni safi?" akauliza Saidi.

"Safi juu. Akipika mawese na soda kali, anatia chumvi ili sabuni ijitenge. Maji ya chumvi yanayobaki ni mazito. Yanapita chini ya haya matamu, yanalala kwenye mashimo. Kule hakuna hewa, mayai ya samaki yanaoza."

"Hakuna aliyekuja kupima?"

"Evariste, mpimaji wa serikali, alikuja. Alichota juujuu na kikombe, akanywa mbele yetu, akasema murakoze, asanteni, maji ni mazuri."

Tulicheka, tukashusha wavu. Ukanasa chini. Sisi wa Minago hatukati wavu. Mtu anazama macho wazi, anaunasua. Kisu kilikuwa kiunoni kwangu, na nilikuwa nimesikia maneno ya yule mama. Sikukata. Saidi akajitosa kuunasua.

Siku ya pili ziwa lilirudisha maiti yake ufukoni. Kabla ya kuondoka nilifunga chupa kwenye jiwe, nikaiziba na gunzi la mahindi, nikaishusha mpaka chini, nikavuta kamba niliyoifunga kwenye gunzi. Ilipojaa nikaipandisha, nikaonja tone moja. Chumvi, na ulimi ukawaka.

Kurudi Minago nilipiga kasia peke yangu, Saidi amelala miguuni mwangu chini ya kitenge cha Mama Zaina.

Nilichojifunza ni kwamba maji yanaweza kulalia maji mengine bila kusalimiana, na anayechota juu hajaona kitu.

Chupa iko mezani kwangu. Bosco, maji hayo ni yako. Evariste, njoo na kikombe chako kilekile. Unywe mbele ya mke wa Saidi, halafu umwambie kama ni mazuri.