Dereva mkongwe aliyepanda kilima kinyumenyume, na mimi niliyesema ni gari tu

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona mnavyochoshana kuhusu yule dereva mkongwe wa mashindano. Wengine mnasema kipaji chake hakijapewa heshima yake, wengine mnasema ni gari tu. Nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mzee, mjukuu ndiye anayenichapia. Nimemwambia nikianza kutia chumvi aache kuandika.

Sasa, mwenyekiti wa kwanza wa chama cha "ni gari tu" nilikuwa mimi. Kisii, miaka ya hamsini mwanzoni.

Kulikuwa na dereva aliyeitwa Mzee Odero, mtu wa ziwani, aliyekuja mjini kumwendeshea gari tajiri mmoja mwenye duka. Mimi nilikuwa taniboi wake. Kazi yangu ilikuwa kupakia ndizi, kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani, na kujiona dereva bora kuliko yeye.

Leseni nilikuwa nayo, mpya kabisa. Nilitembea nayo kwenye mfuko wa shati ikichungulia, hata kanisani.

Kila mwaka wenye magari walishindana, Kisii hadi Nyamira na kurudi, barabara ya udongo. Odero alishinda mara nyingi, lakini bila mbwembwe. Hapigi honi, harushi matope. Ukikaa kando yake unaweza kusinzia.

Basi mimi nikawa natangaza soko la Nyakoe: "Hiyo gari ya tajiri ni mpya! Hata ng'ombe akikaa kwa steringi atashinda!" Watu wanacheka, nami kichwa kinavimba.

Maneno yakamfikia tajiri. Mwaka ule alikuwa ameuza gari jipya, likabaki pikapu kuukuu la ndizi. Akatuita sote wawili.

"Odero, utashindana na hili. Ukishindwa, Ogeto anachukua steringi, na kuanzia Jumatatu gari ni lake. Wewe urudi kwenu ukapumzike."

Ogeto ndiye mimi.

Odero alikuwa na watoto shuleni, na mtu wa umri wake hangepata steringi nyingine Kisii nzima. Alisema tu, "Sawa, tajiri." Mimi nikaenda kununua kofia ya udereva.

Siku yenyewe ikaangukia Jumamosi. Mama yangu alikuwa Msabato wa kweli, na alikuwa ameacha kunisemesha tangu aliposikia habari hiyo. Nikavaa kofia, nikakaa kando ya Odero kumwonyesha njia, maana mvua ilikuwa imeharibu barabara kubwa na ilibidi tupite vijia vya vilimani.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Sisi watu wa Kisii, kwetu nyumbani hatuhangaiki na kushoto na kulia. Kila njia ina upande wa mlima na upande wa bonde. Mtoto akitumwa anaambiwa pita juu au pita chini, basi anafika. Kiswahili changu cha shule nilikitoa moja kwa moja kwenye Ekegusii, lugha yetu.

Njia panda ya kwanza nikapiga kelele, "Chini! Chini!"

Odero akasimamisha gari, akashuka, akainama kuchungulia.

"Omera, ndugu yangu, chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mzee! Nasema njia! Pita chini!"

"Nipite chini ya nini?"

Magari yakatupita. Mbele kidogo nikasema "Juu!", akapandisha gia na kwenda moja kwa moja hadi kwenye migomba ya mtu. Mwenye shamba alitusaidia kusukuma huku akitutukana kwa Ekegusii. Sikumtafsiria Odero.

Nyamira tulifika, tukageuza. Njiani tukaanza kuwapita wenzetu waliokwama kwenye matope, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikitika tunavyoendelea vizuri.

Kilima cha mwisho, upande wa Kiogoro, pikapu likakohoa na kuzima. Odero akaliwasha, likazima tena. Nikaweka mkono kwenye steringi. "Mzee, imeisha. Niachie."

Hata hakukasirika. "Petroli imebaki kidogo. Tangi liko hapa chini ya kiti na hakuna pampu, inateremka yenyewe. Pua ikiangalia juu, injini inakauka. Tutapanda kwa matako."

Akaliacha lirudi hadi pa kugeuzia, akaligeuza, akatia rivasi.

Shida ni kwamba nyuma kulikuwa na kizimba cha mbao cha ndizi, haoni kitu. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Nikatoka dirishani nusu mwili nimwangalizie.

"Kulia! Hapana, kushoto! Kulia yako! Yangu!"

"Omera, wacha hizo. Sema zenu. Juu ni mlima, chini ni bonde, sivyo?"

Wakuu, kumbe alikuwa amenielewa.

Basi nikawa naita juu, chini, juu, na kila nikiita tairi linasogea kiasi cha kiganja na kutulia pale. Mimi napayuka, yeye anauliza tu, "Sasa?" Tulipita kanisani watu wakitoka. Mama yangu akaniona nikining'inia dirishani siku ya Sabato, gari likipanda kilima kinyumenyume. Kofia ikaanguka bondeni. Niliona aibu, lakini zaidi nilimwonea fahari yule mzee.

Tukaingia uwanjani kinyumenyume, wa pili. Uwanja mzima ukacheka.

Tajiri hakucheka. "Odero, umezeeka mpaka hujui mbele ni wapi. Mpe Ogeto ufunguo."

Akanipa. Kile kitu nilichokitaka miaka yote kilikuwa mkononi.

"Tajiri," nikasema, "huyu ni juu. Mimi ni chini."

Hakuna aliyeelewa. Nikaanza kueleza kilima, petroli, kizimba, mpaka na kelele zangu za njia panda. Kicheko kikapungua, watu wakaanza kumwangalia Odero vingine.

Na Odero? Akainama taratibu, akachungulia chini ya gari.

"Chini namuona," akasema. "Ni mtu mzuri, ila anaongea sana."

Hata tajiri alicheka. Akachukua ufunguo mkononi mwangu, akamrudishia Odero. Nami Jumatatu nikarudi kwenye jiwe langu la tairi.

Nilichojifunza: ukitaka kujua kama ni gari au ni dereva, usiulize waliosimama uwanjani. Muulize aliyekaa kiti cha kando.

Haya, leteni comment, wa juu na wa chini, nitawajibu wote. Na kama kuna mtu wa Kiogoro ambaye babu yake aliokota kofia bondeni, aendelee nayo tu. Haikuwa saizi yangu.