Bibi Alipohamishiwa kwa Jirani

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu wa kazini kwenda Mkonze kutafuta kiwanja. Dalali, mtu wa maneno mengi kama madalali wote, akatusimamisha mbele ya ukuta mpya wenye geti jeusi, akasema zamani hapa palikuwa pori tu. Pori! Nilitaka kumrukia. Hapo palikuwa nyumbani kwa bibi yangu, ndugu yangu, na penye lile geti palikuwa na ua wa minyaa uliotutenganisha na jirani. Rafiki yangu akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimeshapokea Komunyo ya Kwanza, kwa hiyo nilikuwa mtoto wa kujidai. Kila Jumapili watu walipopanga mstari kwenda kupokea, mimi nilinyanyuka na Bibi akabaki kwenye benchi, ameinama. Yeye na Babu hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, kwa hiyo hakuruhusiwa kupokea. Babu alibatizwa misheni tangu utotoni, lakini habari za ndoa ya kanisani hakutaka kuzisikia. "Ng'ombe nilipeleka kwa baba yake," alikuwa akisema, "Padre naye anataka nini?" Watu walicheka, Bibi naye alicheka, na Jumapili akabaki tena kwenye benchi. Siku moja akinisugua miguu aliniuliza hostia, ule mkate wa Komunyo, ina ladha gani. Nikamjibu haina ladha. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Kisha Babu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, na ukaidi wote ukamwisha. Alimwita katekista mwenyewe, akamwambia kwa ulimi mzito, "Niandike. Mwanamke huyu asikae benchi kwa sababu yangu." Siku ikapangwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, maana Kwaresima ikishaingia parokia yetu haikufungisha ndoa mpaka Pasaka ipite, na kila aliyemtazama Babu alijua Pasaka iko mbali.

Laiti ungeiona nyumba ile! Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kila jioni wakitoka palizi, matope yamewaganda miguuni. Walipeta mchele kwenye nyungo, wakachemsha karanga mbichi kwenye sufuria kubwa, wakapaka kuta udongo mweupe ambao harufu yake bado ninayo puani. Kwaya walifanya mazoezi uani kwetu, wakirudia wimbo wa kuingilia mpaka mbuzi wakauzoea. Ugomvi mkubwa ulikuwa shela. Wanawake walitaka avae, Bibi akasema havai shela mbele ya wajukuu, na fundi cherehani akakatizwa kila alipofungua mdomo. Mimi nilidhani hakuna nyumba yenye raha kuliko yetu.

Siku tangazo la kwanza la ndoa liliposomwa kanisani, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ndiye huyo jirani wa ng'ambo ya minyaa, alikuja kumchukua Bibi. Ilikuwa desturi yao: vijana waliokuwa wakiishi pamoja kabla ya ndoa walitenganishwa mpaka siku ya kufunga, kila mmoja kwao. Hakuna aliyejiuliza kama desturi hiyo iliwahusu wazee wawili, mmoja wao hawezi hata kujigeuza kitandani.

"Na nani atamlisha?" Bibi aliuliza.

"Sisi si tupo, mama?" mwenyekiti akajibu. "Umengoja miaka yote hiyo, usije ukaharibu mwishoni."

Neno hilo la kuharibu lilimtisha. Akabeba khanga zake, akaenda.

Tulikuwepo, ndiyo. Lakini Bibi alikuwa na namna yake. Alikuwa akipanda kitandani akakaa nyuma ya Babu, akamwegemeza kifuani pake, kisha akamnywesha uji wa uwele kidogo kidogo huku akimpapasa koo mpaka ameze. Shangazi alimwegemeza ukutani kwa mito, na kijiko kikifika Babu alifumba mdomo. Mimi nilijaribu kukaa nyuma yake kama Bibi, nikalemewa. Uji ulimtiririka shingoni, naye akageuza macho kunitafuta, macho ya mtu mwenye aibu. Yale macho sitaki kuyakumbuka na ninayakumbuka kila siku.

Kila asubuhi Bibi alisimama upande wa pili wa minyaa akapaza sauti, "Mbukwa!" ambayo ndiyo salamu yetu Wagogo. Babu akajibu kutoka ndani, "Mbukwa!" Hiyo haikukatazwa. Siku zilivyokwenda, sauti ya Babu ikawa inapungua, mpaka nikawa mimi ndiye ninayepaza jibu lake ili Bibi asikie. Tangazo la pili likasomwa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba Babu hali kitu, akanipapasa kichwa, akasema harusi ikifika atakula vizuri.

Ilikuwa katikati ya wiki ya mwisho. Bibi aliita, Babu kimya. Akaita tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sauti haikutoka. Basi akaja, ndugu yangu, hakuzunguka njiani, alipasua ule ua, gauni la harusi ambalo fundi alikuwa anampima likiwa bado mwilini na pini zake, maziwa ya minyaa yamemtapakaa mikononi. Mwenyekiti alimfuata akilia, "Mama, mama, zimebaki siku chache!" Bibi alipanda kitandani, akamweka Babu kifuani.

Padre alifika kwa pikipiki mchana, akaikuta nyumba imejaa watu. Akauliza kwa nini hakuitwa mapema, na bibi harusi alikuwa wapi. Akaambiwa. "Nani aliwaambia mumtenge na mgonjwa wake?" aliuliza. Akavaa stola shingoni, akashika ule mkono wa kushoto wa Babu uliokuwa bado hai, akamwomba aubane tu kama anamkubali mwanamke huyu. Tulingoja.

"Muulize tena, Padre," Bibi alisema.

Akamuuliza tena. Mkono ulikuwa umelegea.

"Basi niulize mimi."

"Mama, ndoa haifungwi na mtu mmoja."

"Niulize."

Padre akamuuliza. Bibi akasema, "Ndiyo, namkubali," kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Kisha Padre akampaka Babu mafuta ya wagonjwa, na kabla jua halijazama Babu akatutoka.

Mchele wa harusi tulikula msibani. Baada ya maziko Padre alimwambia Bibi kwa upole kwamba sasa hakuna tena kizuizi, aungame tu, Jumapili apokee.

"Padre," Bibi alisema, "kumbe kizuizi alikuwa yeye?"

Jumapili wanawake walimwachia nafasi kwenye mstari. Mwenyekiti mwenyewe alirudi nyuma, akamnyooshea mkono. Bibi akatikisa kichwa, akaniambia mimi niende.

Leo nyumba haipo, mwenyekiti alishatangulia, na hao wanaonunua viwanja hawajui kwamba kuna watu walicheka na kulia hapo. Wachache wanaomkumbuka Bibi wanasema alikuwa mkaidi, kwamba alikaa kwenye lile benchi mpaka kufa kwa kumsusia Mungu. Nawakatalia kila mara. Aliitamani hostia ile kuliko sisi wote. Alitaka tu waende kupokea wawili.