Blanketi Aliliharibu Yeye, Jina Likaharibika Langu

Admin, jina langu na mtaa wangu vibaki kwako. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane. Kwetu ni Bungoma lakini kazi imenishikilia hapa Voi, na shule niliishia darasa la sita. Nilikuwa nafua vitu vizito kwenye nyumba za watu, blanketi na duveti. Mnaoishi huku mnajua vumbi letu jekundu. Ukiloweka blanketi, maji yanageuka chai. Mikono haitoshi, unaingia ndani ya beseni na kukanyaga mpaka kiuno kiseme basi.

Kuna Madam nilimfulia muda mrefu. Siku moja alinipa blanketi la rangi ya damu ya mzee, zawadi ya mama mkwe wake alipoolewa. Nikiwa ndani ya beseni nakanyaga, akaja na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaimimina miguuni pangu.

"Madam, hiyo itakula rangi."

"Wewe kanyaga, Auntie. Kwani blanketi ni la mamako?"

Nikakanyaga. Lilipotoka lilikuwa na mabaka kama ng'ombe, na ngozi ya miguu yangu inabanduka.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Mraru, akaliona kwenye kamba. Madam akasema bila hata kumeza mate, "Ni huyu mtu wa bara. Alichukua dawa yangu akamwaga, nikimkataza hasikii." Akaniambia nipige magoti niombe msamaha, majirani wakitazama. Nilipiga, nikidhani kazi itabaki. Haikubaki. Mtaa ukaniita Mama Mabaka, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Sasa nabeba mawe kwenye mjengo.

Juzi Madam akapiga simu, sauti asali. "Auntie, yaliyopita si ndwele. Wageni wanaleta mahari ya binti yangu kutoka Mahoo, watalala kwangu. Hakuna anayejua duveti kama wewe." Nilikubali haraka mpaka nikajishangaa.

Leo nimezifua zote. Duveti nzito ina ujanja wake: juu inakauka na upepo, ndani bado imeshika maji. Ukiikunja hivyo ukaifungia kabatini, mgeni akijifunika, joto la mwili linaamsha harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Wakwe hawatauliza nani alifua. Watauliza hii ni nyumba gani. Nataka wazibe pua. Nataka Madam aombe msamaha mbele za watu, aonje.

Nikianika, yule mama mkwe, aliyekuja kwa ajili ya mahari, alitoka nje, akainama akaangalia miguu yangu.

"Ilipona, mwanangu?"

"Ilipona, nyanya."

"Siku ile niliiona. Mtu hajimwagii dawa miguuni, nilijua aliyemwaga ni nani. Nilinyamaza kwa sababu ya nyumba ya mtoto wangu."

"Basi sema kesho, wageni wakiwa hapa. Jina langu lirudi."

Akashika kanga yake. "Wacha mahari ipite kwanza."

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo ulichemka kabisa. Kumbe nilipiga magoti mbele ya mtu anayejua!

Duveti atakayojifunika huyo nyanya ni ya buluu, iko mwisho wa kamba. Nikizigeuza sasa hivi, upepo utazikausha mpaka ndani. Nikizikunja, harufu ni ya kesho. Mngekuwa nyinyi, mngegeuza au mngekunja? Na ile ya buluu je? Nijibuni haraka, Madam ananiita nizilete ndani.