Ubani kwenye Kompyuta Mpya

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya ubani, na mpaka leo nikiusikia ukinuka harusini roho huniruka. Majina siyatii humu. Nitawataja kwa kazi zao, na wao wakisoma watajijua: mhasibu, msimamizi wetu wa usafi na fundi wa kompyuta.

Ilikuwa miaka ya themanini, hotelini Bofa, ufuoni mwa bahari. Nilitoka Ganze na darasa la nne langu, nikapewa ndoo, ufagio na ofisi za nyuma. Katika chumba cha mhasibu kulikuwa na kompyuta moja kuukuu, kioo cheusi, maandishi ya kijani. Nilipenda kusafisha chumba kile kuliko vyote. Nilipangusa polepole makusudi, nione herufi zikipanda kiooni, nikajiuliza zatoka wapi, na ikizimwa zaenda kulala wapi.

Ilipoletwa kompyuta ya pili, mpya, msimamizi wetu, mwanamke wa Malindi mjini, alishika kiuno akaitazama.

"Kitu kipya hakikai ndani bila kufukizwa," alisema. "Macho ya watu yamekishukia tangu kiko lorini. Mwanangu, twaa chetezo."

"Bi mkubwa, na mhasibu je?"

"Yule mtu wa bara ajua nini? Wewe zungusha, mimi nasoma dua."

Basi akasoma, nami nikazungusha chetezo, moshi ukaipanda mashine mbele na nyuma. Mhasibu akaingia akikohoa.

"Nyinyi watu wa pwani! Sasa si itaanza kuongea Kigiriama?"

Tulicheka sote, naye akacheka. Nataka hilo likumbukwe: alicheka.

Fundi alikuwa atoke Mombasa wiki iliyofuata, aje kuiandaa ile mpya: aitie sistimu ya kuiendesha, kisha lugha ya kuandikia programu, ndipo programu ya vyumba vya hoteli iandikwe upya humo. Mhasibu hakuwa na subira. Kesho yake nilikuwa napangusa vioo vya dirisha lake, nikamwona akiiwasha ile mpya kwa disketi ya sistimu iliyokuja nayo, kisha akachukua disketi ya lugha, kile kibamba chembamba kilichoihifadhi, kutoka kompyuta ya zamani, akaitia katika mpya. Akasoma kioo, akakunja uso. Akafungua kitabu, akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Mashine ikanguruma muda mrefu. Mimi nikafurahi, nikadhani ndiyo inakula.

Iliponyamaza, alijaribu, hola. Akaichomoa disketi akairudisha katika ile ya zamani. Hola vilevile. Akashika kichwa. Halafu akainua macho akaniona dirishani.

"Wewe," alisema. "Si ni wewe ulileta moshi humu ndani?"

Jioni ile meneja aliniambia nikae jikoni, nisiguse ofisi yoyote, mpaka fundi aje kupima. Moshi ukionekana umeharibu mashine, kazi sina. Nyumbani Ganze mvua ilikuwa imegoma, mahindi yamekaukia shambani, na unga wa mamangu ulitoka katika mshahara wangu. Niliosha sahani za watu huku sahani ya mamangu iko mbele ya macho yangu.

Fundi alipokuja, nilitumwa kumpelekea chai. Nilimkuta peke yake, mashine zote mbili zimewaka. Alichomoa disketi mkobani mwake, akaitia katika mpya, na kioo kikajaa maandishi. Sikuweza kujizuia.

"Kaka, kama moshi umeiziba, mbona hiyo yako yasomeka?"

Akacheka. "Moshi? Nani kasema moshi? Dada, wewe kwenu mwalima?"

"Twalima mahindi."

"Basi sikiza. Disketi ni shamba. Hii mashine ya zamani ina sistimu yake, na inapanda kwa mistari yake. Hii mpya ina sistimu nyingine, na mistari yake ni mingine. Ukiipeleka kwenye shamba la mwenzake, haioni mche hata mmoja, inaona pori tupu."

"Na ikiambiwa ilime?"

"Ndiyo iliyofanyika hapa!" Aliinua disketi ya mhasibu. "Mtu kaiamuru iandae disketi. Imelima shamba zima na mahindi ndani. Sasa hata mwenye shamba akirudi, hapajui."

Nilisimama na sinia mkononi. Najua ilinipasa kufurahia kuokoka, lakini kwanza nilifurahia kulielewa jambo lile. Kumbe ule mngurumo ulikuwa jembe! Nilimuuliza mengi: mashine yaambiwaje, nani aliikata mistari, kwa nini waliozitengeneza hawakupatana mistari iwe ya namna moja. La mwisho lile alisema hata yeye humuudhi.

Tukaitwa kwa meneja. Mhasibu akasema moshi. Msimamizi wangu, aliyesoma dua kwa kinywa chake mwenyewe, akasema, "Mimi sikumtuma. Hawa wa huko Ganze wana mambo yao." Nikamgeukia fundi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mhasibu ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila penye kazi.

"Moshi si mzuri kwa mashine," alisema. Basi.

Hakusema uwongo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliambiwa niondoke kabla ya saa sita. Nikarudisha sare na funguo. Lakini sikwenda moja kwa moja langoni. Nilizunguka nyuma hadi dirisha la mhasibu, kioo nilichokipangusa mwenyewe, nikachungulia. Fundi alitia disketi ya sistimu, mashine ikaamka. Akatia yake ya lugha. Akaandika mstari mmoja mfupi, akabonyeza, na chini yake mashine ikaandika wake.

Machozi yalikuwa yananitoka, nami bado nilitaka kujua imejibu nini. Nikasogea mpaka paji la uso likagusa kioo, ila kwa mbali vile sikuweza kusoma. Harufu ya ubani ilikuwa ingali chumbani, ilinijia katika upenyo wa dirisha. Na mhasibu, kasimama nyuma ya kiti, alikuwa anapiga makofi.