Nduma za Mama Kwenye Mtaro

Kazi yangu ni kutoa takataka ambazo kila mtu ameapa hakutupa. Ndivyo ninavyojibu nikiulizwa. Mimi ni msimamizi wa mitaro ya maji ya mvua upande wetu wa Kitengela, mtu wa kaunti ya Kajiado, na kila mwaka kabla ya mvua ndefu natoka na vibarua wangu, koleo na toroli, tunaifungua mitaro kutoka barabara kuu mpaka kule chini inakomwaga mtoni. Nimetoa humo magodoro, pampasi, mifuko ya saruji, na siku moja choo kizima cha kukalia. Ukimuuliza mwenye nyumba iliyo karibu, anakwambia ni mvua ndiyo imeleta. Mvua gani hiyo inayobeba choo?

Watu hawapendi kuonana na mimi. Mtu amejenga geti lake, ameziba mtaro kwa zege ili gari lipite, chini ameweka kibomba ambacho hata panya akipita anajikunyata, halafu mvua ikinyesha ndiye wa kwanza kupiga simu kutukana kaunti. Ardhi hii ilikuwa malisho. Ilipokatwakatwa kuwa ploti, mistari ilipigwa kwa rula, na korongo lililokuwa likipitisha maji siku zote likauzwa kama ploti nyingine tu. Udongo wenyewe ni ule mweusi, ukishashiba hauingizi hata tone. Kwa hiyo mtaro ndio korongo letu sasa. Ukiziba, maji yanatafuta nyumba.

Kwenye nguzo ya daraja linalovuka mtaro tumepaka rangi, nyeupe chini na nyekundu juu. Maji yakikaribia nyekundu, nawapigia wanaoishi chini wahamishe watoto na mifugo. Kati ya hao kuna mama mmoja Mmasai anayeuza maziwa. Familia yao ilikuwa na eneo hilo lote. Wameuza, wakauza, mpaka amebaki na kipande kidogo mwisho wa mtaro, na nyumba yake ya mabati na ng'ombe wachache. Mwaka kabla mama yangu hajaja, maji yaliingia mle ndani yakamchukua ndama. Sisi sote tunamwita Yeyo, maana yake mama kwa Kimasai.

Mama yangu mzazi alikuja kwangu Noonkopir, mtaa wa hapa hapa Kitengela, kwa sababu ya maji vilevile. Kwetu ni magharibi, bondeni, kando ya mto uliozuiwa kwa tuta la udongo. Tuta lilipasuka. Nyumba ikasimama majini, kaburi la baba likaenda chini ya maji, na mama akatolewa kwa mtumbwi akiwa na mfuko mmoja. Nilipompokea stendi niliubeba mfuko huo nikashangaa uzito wake. Kumbe chini ya nguo kulikuwa na gunia lililolowa maji, na ndani ya gunia miche ya nduma, ambazo wengine huita magimbi. Baba ndiye alikuwa amezipanda, ukingoni mwa mto, mwaka waliooana. Watu walikuwa wanaokoa televisheni na vyeti vya shule, mama yangu akaokoa nduma.

"Mama, hapa Kajiado nduma haioti," nilimwambia. "Hapa hata maji ya kunywa tunaletewa na punda."

"Wewe nipe tu jembe," akasema. "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Leo ni siku ya ngapi?"

Nikamnunulia jembe ili anyamaze. Nilidhani atachokorachokora nyuma ya nyumba, aone udongo ulivyopasuka kwa kiangazi, akate tamaa. Sikumjua mama yangu vizuri, ijapokuwa alinizaa. Mtu aliyekulia bondeni hawezi kukaa mahali asitafute pale palipo na unyevu. Aliuzunguka mtaa mzima akiangalia chini kama mtu aliyepoteza sindano, na siku moja nilipotoka kazini nikamkuta ameipanda miche yake yote, mistari imenyooka, ndani ya mtaro. Mtaro wa kaunti. Mtaro wangu.

Mahali pale huwa hapakauki, kwa sababu juu yake kuna vijana wanaoosha magari. Nikamwambia maji yale yana sabuni na oili. Akanijibu kwamba nduma ina akili kuliko mimi, itajua ya kunywa na ya kuacha. Nikacheka. Ilikuwa kiangazi, mvua ilikuwa mbali, na sikuwa nimemwona mama akiimba tangu baba afe. Sasa alikuwa akiimba asubuhi akienda kupalilia. Nikamwambia wazi: akae nazo, lakini mvua ikikaribia lazima nisafishe. Akaitikia, "Haya, baba." Mama huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Nduma zikakubali. Majani yakawa mapana, ya kijani kilichokolea, hakuna kitu kingine cha rangi hiyo Kitengela nzima wakati wa kiangazi. Watu walisimama kuangalia. Yeyo, akipita na mitungi yake ya maziwa, alisimama pia. "Takwenya," akamsalimu mama, na mama, ambaye alikuwa ameshajifunza, akajibu, "Iko." Kisha Yeyo akauliza hiyo ni maua ya nini. Mama akamwambia ni chakula. Yeyo akaangalia maji, akaangalia majani, akasema kwa upole kabisa, "Mama, kwetu hii hata punda inakataa." Walicheka wote wawili mpaka mama akakaa chini. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Yeyo alimletea maziwa, mama akampikia nduma, na Yeyo akazila kwa maziwa akisema si mbaya, ila inaomba nyama.

Mama alibadilika. Alikuja kwangu akiwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kungoja simu kutoka nyumbani, kuuliza kama maji yamepungua. Sasa alikuwa na kazi, na rafiki, na watu wa mtaa wakimwita Mama Nduma. Aliniambia hata baba anaonekana ametulia, kwa sababu hamjii tena ndotoni akiwa na miguu mibichi.

Halafu mawingu ya mvua ndefu yakaanza kukusanyika upande wa Ngong, na agizo likatoka ofisini: fungueni mitaro.

Nilikaa naye jikoni nikamweleza kama ninavyowaeleza wenye mageti. Kwamba majani mapana vile yanapunguza mwendo wa maji. Maji yakipunguza mwendo yanaangusha mchanga, mchanga unainua sakafu ya mtaro, na mvua kubwa ikija maji yanaruka kando. Yakiruka pale yanateremka moja kwa moja kwa Yeyo. Nilikuwa na sauti ya ukali, nakumbuka, kwa sababu nisingeitumia hiyo ningelia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kipande kidogo tu kikibaki?" akauliza. "Pale kwa kona?"

"Mama, hapo kwa kona ndipo pabaya zaidi."

"Nitazihamishia wapi?"

Hapakuwa na mahali. Tulijua wote. Nyumba yangu ni ya kupanga, uani kuna zege, na udongo wa nje wakati huo ungevunja jembe. Akasema, "Mimi najua maji yakiingia kwa nyumba. Yeyo asiijue tena hiyo." Akainuka akaenda kulala. Angenitukana ningeshukuru. Nimetukanwa na watu wengi kwa ajili ya mitaro, nimezoea, lakini kueleweka namna ile sikuwa nimezoea.

Siku ya kusafisha sehemu ile tulifika na vibarua tukakuta hakuna nduma. Alikuwa ametutangulia alfajiri, akazing'oa zote mwenyewe, akaparua tope mpaka sakafu ya mtaro ikaonekana vizuri kuliko ambavyo sisi tungefanya. Alikuwa amewasha jiko la makaa kando ya barabara, nduma zimeiva kwenye sufuria, chai iko kwenye chupa. "Karibuni mle kwanza," akawaambia vibarua wangu. "Kazi haiendi na tumbo tupu." Watu wangu wana midomo, lakini asubuhi ile walikula kimya kama watu walio matangani. Nami nikala. Zilikuwa tamu, na kila tonge nililisukuma kwa chai.

Nilimuuliza kama amebakiza mbegu. Akasema mbegu bila shamba ni kuitesa tu.

Jioni nilikuta ameliosha jembe, amelifuta kwa kitambaa, ameliegemeza nyuma ya mlango wangu. "Mgeni amerudisha jembe," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayerudisha chungu cha jirani.

Mvua ilinyesha kama tulivyoogopa. Nilisimama darajani na koti la mpira nikiangalia rangi kwenye nguzo, nyeupe ikaisha, nyekundu ikaanza kulowa. Niliwapigia watu. Lakini mtaro ulibeba. Maji yalipita kwa Yeyo hatua chache kutoka mlangoni, meusi, yana kelele, yakaenda zao mtoni, na ndani kwake hakuingia kitu. Nilirudi nyumbani nimeloa mpaka mifupani, nikamwambia mama: kwa Yeyo ni kukavu, na ng'ombe wote wapo.

"Nimefurahi, baba," akasema. Nina hakika alifurahi. Kisha akageukia ukutani.

Tangu usiku ule alianza kudhoofika. Daktari alisema ni presha, na ni umri, na yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mimi niliona. Alirudi kwenye kile kiti cha plastiki. Yeyo alikuja kila siku akakaa naye, mmoja na Kiswahili chake kibovu na mwingine na chake. Nilimletea ndoo ya udongo na miche ya sukuma wiki. Aliimwagilia kwa adabu, kama mtu anayelisha kuku wa mwenyeji. Kabla ya mvua fupi alikuwa ametutoka.

Tulimpeleka kwetu bondeni, kando ya baba, alivyotaka. Mto ulikuwa umerudi ndani ya kingo zake na kaburi la baba limeonekana tena, limejaa tope. Vijana wakachimba. Walipofika kiunoni, maji yakaanza kutoka chini. Wakayachota, yakarudi. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba tumpeleke mlimani kwa ndugu, ambako ni kukavu, lakini huko angelala mbali na mume wake. Mimi nikavua koti. Niliomba koleo, nikapima mteremko kwa macho, nikachimba mtaro kutoka pale kaburini kuelekea mtoni, mimi na suruali yangu ya msibani. Niliuchimba vizuri, kwa kina kinachozidi kaburi kidogo, na maji yakafuata. Watu wa kwetu walisimama wakiniangalia na hakuna aliyenizuia. Kaburi likakauka vya kutosha mama kushuka. Nimechimba mitaro maisha yangu yote, na huo ndio wa pekee ambao nimewahi kuuchimba nikilia kwa sauti.

Nilirudi kazini. Nini kingine ningefanya? Mvua ndefu zilipokaribia tena, tukaanza juu kama kawaida, tukateremka na pampasi zetu na mifuko yetu ya saruji. Tulipofika pale chini ya waosha magari, kibarua aliyekuwa mbele akasimama. Akaweka koleo chini. Wengine nao wakasimama, wakaniangalia mimi.

Kwenye kona, pale pabaya zaidi, palikuwa na majani ya nduma. Machache, madogo, lakini yamesimama. Nduma ni hivyo, ukiacha kipande kama kidole ardhini, inarudi. Mama, na uangalifu wake wote, alikuwa ameacha kipande. Kama ni bahati mbaya au alijua, mimi siwezi kusema.

Yeyo alikuwa anapita na mitungi. Akaitua, akasimama kando yangu.

"Wacha hizo," akasema. "Ni ya rafiki yangu. Maji ikikuja, mimi nitatoka na ng'ombe. Nimezoea."

Nikamwangalia yule mama, mwenye nyumba ya mabati mwisho wa mtaro, anayenipa ruhusa ya kumwingizia maji. Nilitikisa kichwa tu. Nikarudi nyumbani, si mbali, nikalitoa jembe nyuma ya mlango, nikashuka mtaroni nikazing'oa mwenyewe. Vibarua walisubiri. Yeyo alichukua kile kiazi kimoja kilichokuwa kimeanza kujaa, akakifunga kwenye shuka lake, akaenda nacho.

Hiyo ni miaka michache iliyopita, na kila mwaka nazikuta. Nachimba kwa uangalifu, namaliza, nakagua, naandika kwenye ripoti kwamba mtaro uko wazi. Mwaka unaofuata kuna jani. Vibarua wangu sasa hawaulizi, wakifika pale wanakaa kivulini wananingoja na jembe.

Sijawahi kuacha hata moja, na kwa Yeyo hakujaingia maji tena. Lakini wiki ile ya kusafisha silali vizuri. Naogopa mwaka nitakaofika pale kwenye kona nikute mtaro ni msafi.